Kabla ya Kumshika Geko Chui, Panga Kwanza Siku za Kumwacha

Mtoto wa Mwanza hukua na mijusi. Juu ya mawe ya Capri Point na kule kisiwani Saanane kuna yule mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, anayeota jua bila haraka. Usiku, ukutani karibu na taa, anatokea mjusi kafiri kuwinda nondo. Kwa mazoea hayo, siku geko chui, mjusi wa kufugwa (kwa Kiingereza leopard gecko), anapoingia nyumbani kila mtu anajiona mtaalamu. Lakini huyu ametoka kwingine, kwenye nchi kame za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Hapandi ukuta wa kioo kwa sababu vidole vyake havinati, ana kope anazofumba akilala, na hutoka mafichoni giza linapoanza kuingia. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo mazoea utakayoyaanzisha mwezi wa kwanza utakaa nayo mpaka mwanao wa darasa la pili awe na watoto wake.

Swali la wengi ni moja: nimshike mara ngapi? Mkubwa aliyekwisha kukuzoea anavumilia mara 2 hadi 4 kwa wiki, dakika 10 hadi 15 kila mara. Mdogo wa chini ya miezi sita, dakika 5 zinamtosha, na si kila siku. Nimesema anavumilia, maana mjusi hadekezwi kama paka. Hupati upendo kwa kumbeba muda mrefu. Unachopata ni mnyama asiyekuogopa, na hicho ni kingi.

Tuanze na siku anazoletwa. Pengine amesafiri kwenye boksi kwa basi la usiku kutoka Dar es Salaam, ametikiswa njia nzima. Mweke mahali pake, mpe maji na maficho, kisha umwache wiki mbili. Badilisha maji, ondoa kinyesi, lisha, basi. Usihesabu siku tu. Subiri mpaka umemwona anakula vizuri mara kadhaa. Kama amekataa chakula, wiki mbili zinaanza upya hata watoto wakilia. Muuzaji naye mdai karatasi za vibali kabla hujatoa hela, kwa kuwa mnyama wa kigeni haingii nchini kama nanasi sokoni.

Jambo linalosahaulika zaidi ni tumbo. Geko hana joto lake mwenyewe. Chakula chake kinasagika kwa joto la pale alipolala, na upande wa joto wa boksi lake unatakiwa uwe kama nyuzi 31 hadi 33 pale chini anapolaza tumbo. Watu wa Mwanza tunajidanganya hapa. Mchana tunatoka jasho, tunadhani mjusi wa jangwani amefika kwao, kumbe jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na alfajiri upepo wa ziwani unashusha joto hadi nyuzi 18 hivi. Bila kipashio cha umeme chini ya boksi, chenye kidhibiti joto ili kisimwunguze, panzi aliyemezwa jana bado ni panzi. Ukimtoa umshike akiwa na tumbo limejaa na mwili umepoa, anaweza kutapika, na mjusi anayetapika hukonda upesi. Mpe angalau siku nzima baada ya kula, ikiwezekana mbili. Umeme ukikatika, saa hizo usizihesabu kabisa: funika boksi kwa blanketi ukiacha hewa ipite, usimlishe, na usimtoe ati umpashe joto kwa mikono. 

Halafu kuna ngozi. Mkubwa hujivua kila baada ya wiki 4 hadi 8, mdogo mara nyingi zaidi. Utamwona rangi imefifia, amekuwa kama aliyepakwa unga. Siku hizo haoni vizuri, ngozi inamwasha, na kidole chako kwake ni adui. Weka kikopo chenye tundu la kuingilia na kitambaa chenye unyevu ndani, hasa Juni hadi Agosti hewa inapokauka. Akimaliza, kagua vidole kimoja kimoja. Ngozi iliyobaki kama pete hukaza na kukata damu, na kidole hukatika. Ngozi yenyewe ataila, usishangae.

Jike mwenye mayai msimguse kabisa mpaka atage. Hilo halina mjadala.

Siku ikiwa huru, bado kuna namna. Osha mikono kwanza, maana harufu ya dagaa wa mchana inatosha kumfanya akuone chakula. Keti sakafuni ili akiruka asianguke kutoka mbali. Usimshukie kwa juu. Vinavyoshuka kwa juu katika maisha yake ni ndege. Ingiza mkono pembeni, chini ya kifua, umwache apande mwenyewe, na mkono mmoja ukiisha awekewe mwingine. Mkia usiushike kamwe. Humo ndimo anamoweka akiba ya mafuta, na akiogopa sana anaukata mwenyewe. Utaota mwingine, lakini wa gegedu usio na mfupa, mfupi na mnene kama kitunguu. Mkia ukiinuliwa na kupungwa polepole kushoto na kulia, hiyo ni onyo: mrudishe. Akipiga kelele, akihema haraka au akinya mkononi, mrudishe pia, ila kwa utulivu.

Baada ya hapo osha mikono tena kwa sabuni. Mijusi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuugua, na watoto wa chini ya miaka mitano wanaathirika vibaya zaidi. Maji ya bakuli lake yamwagwe chooni, si kwenye sinki la vyombo.

Adui mkubwa kwa uzoefu wangu ni wageni. Sikukuu inafika, shemeji kaja na watoto wanne, kila mmoja anataka picha, na kila mmoja anamshika dakika mbili tu. Wanne wakizunguka mara mbili, mjusi amekaa mikononi zaidi ya robo saa, katikati ya kelele, mchana, wakati wake wa kulala. Wangu alikataa kula siku tisa baada ya shughuli ya namna hiyo, na kosa lilikuwa langu. Siku hizi wageni wanamtazama kupitia kioo, na bibi anayeogopa mijusi ndiye mlinzi wangu mkuu.

Ukutani nimetundika kalenda. Siku za kula, Jumatatu na Ijumaa, zina duara. Siku inayofuata kila moja ina mstari. Akianza kufifia rangi nafuta wiki nzima. Nafasi nyeupe zinazobaki, ambazo ndizo siku za kumshika, kwa kawaida ni Jumatano, Alhamisi na Jumapili. Wiki hii umeme umekatika mara mbili, imebaki Jumapili peke yake.