Kutafuta mtaa wa gharama nafuu Bowling Green, Kentucky: somo kwa wanaonunua nyumba ya kwanza

Ndugu zangu, wengi mnaouliza "nyumba za bei ya chini ziko upande gani?" mnataka mtajiwe mtaa mmoja. Mitaa nitaitaja, lakini bei ya kwenye tangazo ni mwanzo tu. Kuna nyumba za bei ndogo hapa zinazomla mtu polepole kwa petroli, bima na maji ya mvua chini ya sakafu.

Hatua ya 1: Anza na zamu yako

Viwanda vingi vinavyoajiri watu wetu viko kaskazini-mashariki mwa mji: eneo la viwanda la Transpark, na kiwanda cha magari ya Corvette kilichopo hapa tangu 1981. Wa Transpark atazame Oakland na Smiths Grove, vimji vilivyo jirani na barabara kuu ya I-65. Anayefanya kazi upande wa Nashville atazame Franklin, maili kama 20 kusini, karibu na mpaka wa Tennessee. Scottsville unaifuata kwa barabara ya 231, Morgantown kwa I-165.

Kwa kawaida bei hupoa kadiri unavyotoka mjini. Ila piga hesabu ya magari. Mume zamu ya mchana, mke zamu ya usiku, gari moja: mkihamia Morgantown mtanunua la pili, na bima yake itakula ile nafuu mliyoifuata.

Ndani ya mji, West End na mitaa ya upande wa Morgantown Road ina nyumba ndogo za zamani. Karibu na chuo kikuu cha Western Kentucky utashindana na wanaonunua ili wapangishe wanafunzi. Mimi nisingepoteza muda huko. Alvaton ni pazuri, lakini si pa mfuko mwembamba.

Hatua ya 2: Weka ramani ya mkopo juu ya ramani ya mji

Mkopo wa vijijini wa USDA (wizara ya kilimo ya Marekani) hauhitaji malipo ya awali, ila nyumba lazima iwe ndani ya ramani yao. Bowling Green, yenye watu zaidi ya 72,000, haimo kwenye mpango huo. Morgantown na Scottsville zimo. Andika anwani kwenye ramani ya USDA kabla hujaipenda nyumba. Ukibaki mjini, FHA (idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba) inataka asilimia 3.5 ya malipo ya awali kwa mwenye alama za krediti 580 na kuendelea, na Kentucky Housing Corporation, shirika la makazi la jimbo, ina mkopo wa pili wa kukusaidia kwenye hayo malipo. Huo nao ni deni, unalipwa.

Hatua ya 3: Iangalie ardhi

Hapa msiwe na haraka. Mji umekaa juu ya mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji. Mto Lost River unapita chini ya mitaa, na maji ya mvua ya barabarani huelekezwa kwenye visima vilivyochimbwa kuyapeleka mapangoni. Tarehe 12 Februari 2014 sakafu ya makumbusho ya Corvette ilifunguka ikameza magari 8.

Kwa hiyo nenda kaione nyumba siku ya mvua kubwa, au kesho yake. Tafuta uani bonde la mviringo ambalo maji yake hayana pa kutokea. Chungulia ule uwazi chini ya sakafu: kuna mstari wa matope ukutani? Tazama matofali ya nje. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha, mwonyeshe mkaguzi. Ramani ya mafuriko ya FEMA (idara ya serikali kuu ya maafa) ni ya bure, isome. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na kuhusu ardhi kutitia omba jibu la wakala wa bima kwa maandishi.

Pima na radoni, gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka kwenye mwamba. Ikifika pikokiuri 4 kwa lita, mwambie muuzaji aweke bomba na feni ya kuitoa, au apunguze bei.

Hatua ya 4: Mipaka

Anwani ya posta kusema Bowling Green haimaanishi uko ndani ya mji. Shule zina mamlaka mbili, ya mji na ya kaunti, na mpaka wa shule haufuatani na mpaka wa mji. Piga simu uulize kwa anwani kamili. Thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi utaiona kwenye tovuti ya PVA (mthamini wa mali) wa kaunti yetu ya Warren. Bili ya kodi ya kaunti hutoka ofisi ya Sherifu, msishtuke. Ukiilipa mapema unapunguziwa asilimia 2.

Maswali ya wanachama

Mama wa mapacha: Nilimuuliza ajenti wa nyumba Wakongo wanakaa mtaa gani, akakwepa. Ananidharau?

Hapana, dada yangu. Sheria ya makazi ya 1968 inamkataza kumwelekeza mteja kwa rangi au asili. Hilo uliza kanisani, msikitini au dukani kwa watu wetu. Na tangu Agosti 2024 ajenti anayemwakilisha mnunuzi atakutaka utie saini mkataba kabla ya kukuonyesha nyumba. Soma ada yake na muda wa mkataba kwanza.

Dereva wa masafa: Nina kichwa cha lori. Naweza kukilaza nyumbani?

Kaka, kwenye mitaa mipya yenye chama cha wenye nyumba mara nyingi hukatazwa. Masharti ya mtaa yamesajiliwa kwa karani wa kaunti, yaombe uyasome kabla ya kutoa ofa. Ukitaka uhuru huo tafuta kiwanja nje ya mji, kisha uliza ofisi ya mipango kama eneo linaruhusu.

Mgeni wa mwaka jana: Sina kadi ya ukaazi wa kudumu bado. FHA inanifaa?

Tangu 25 Mei 2025 FHA imewafungia wakaazi wasio wa kudumu. Peleka karatasi zako kwa benki zaidi ya moja uulize mkopo wa kawaida.

Mzee wa Glasgow: Nyumba ya trela ni rahisi sana, kwa nini hukuitaja?

Shikamoo mzee. Kama kiwanja ni cha mwingine utalipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na anaweza kuipandisha. Ikiuzwa pamoja na ardhi yake, na hati ina jina lako, ipige hesabu kama nyumba nyingine yoyote.