Jinsi ya kufuatilia jina adimu la ukoo la Kiingereza ukiwa hapahapa Bagamoyo na simu yako

Nina steshenari hapa Dunda, fotokopi, pasipoti saizi, fomu za NIDA, maombi ya vyuo, na siku hizi nimejikuta na kazi nyingine ambayo sikuiomba, kutafutia watu asili ya majina. Ilianza na mama mmoja jirani yangu, babu yake mzaa baba alikuwa Mwingereza kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga, akaja na cheti kimekunjwa mpaka kinaachia kwenye mikunjo, akaniambia mwanangu hili jina nimeliandika maisha yangu yote na kila ofisi wananiambia rudia, sijui hata limetoka wapi, nitafutie. Jina lenyewe silitaji, ni adimu kiasi kwamba nikiliandika tu ukoo mzima umejulikana. Ntatumia jina la Speke, yule mpelelezi Mwingereza, kuonyesha njia, kwasababu watu wa Bagamoyo wanalijua toka shule na lenyewe pia ni adimu.

Kabla hujachoma bando elewa kwanza tofauti ya majina yao na yetu. Kwetu mtu ni Juma Omari Salehe, mwanae anakuwa Hamisi Juma Omari, yani Salehe kashatoka kwenye karatasi na hakuna aliyemfukuza. Kwa Waingereza jina la mwisho halisogei, ilipofika miaka ya 1400 hivi wengi walishakuwa na jina la kurithi kutoka kwa baba, na likishakaa limekaa. Ndiomaana jina linaweza kukurudisha miaka mia tano sita kama kamba ya ndoo kisimani. Na hapo mwenye jina adimu ana bahati kuliko mwenye jina la kawaida, maana Smith ni mhunzi na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, sasa wewe Smith utaanzia kijiji gani? Jina adimu mara nyingi linakupeleka sehemu moja au mbili tu.

Alafu hakikisha jina ni la Kiingereza kweli. Watu wetu kila mzungu wanamwita Mwingereza. Mkonge uliletwa huku 1893 na Mjerumani anaitwa Hindorf, Wajerumani wakakaa mpaka vita vya kwanza, na mashamba ya Tanga yalikuwa na Wagiriki wengi tu, kwahiyo jina likiishia na mann au stein anzia Ujerumani, likiishia na poulos au idis hiyo ni Ugiriki na maelezo yangu ya chini huku hayatakusaidia sana.

Na jina kuwa la Kiingereza haina maana damu ni ya Kiingereza, hili hapa Bagamoyo ndo tunatakiwa kulijua kuliko wote. Misheni ilianza 1868 na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, waliobatizwa wakapewa majina mapya. Mwangalie Jacob Wainwright, Myao, alisomeshwa India baada ya kuokolewa utumwani, ndiye aliyekuja na mwili wa Livingstone mpaka hapa Februari 1874 pamoja na kina Chuma na Susi waliokuwa watumishi wa Livingstone, akaenda na huo mwili hadi London akawemo kwenye wale waliobeba jeneza Westminster Abbey mwezi wa nne. Wainwright kwa Kiingereza cha zamani ni fundi wa magari ya kukokotwa na wanyama, sasa mjukuu wake angeenda kutafuta babu fundi magari Uingereza angezunguka mpaka achoke. Na Stanley, yule mpelelezi aliyekuja kumtafuta Livingstone, naye hivyohivyo, kazaliwa Wales 1841 jina lake John Rowlands, hilo la Stanley kalichukua ukubwani Marekani. Kwahiyo swali la kwanza muulize mzee aliyebaki nyumbani, jina hili limekuja kwa kuzaliwa, kwa ubatizo, au kwa kupewa na bosi? Nenda asubuhi, shikamoo kwanza, usianze na simu mkononi.

Sasa spelingi. Hapa ndo nilipoteza wiki mbili nzima kwa jina la yule mama. Karani wa zamani aliandika alichosikia, na Kiingereza wanavyotamka sio wanavyoandika, Speke wao wanasema Spiki. Mtu wetu akiandika kwa sikio ataandika Spiki, mwingine Speak, Speake, hata Speck. Hata wenyewe walikuwa hawajatulia, Livingstone ujanani alikuwa anajiandika Livingston bila e ya mwisho. Chukua daftari andika jina kwa kila namna unayoweza kulikosea, mwambie na mtoto wa darasa la nne aliandike kwa kusikia tu, atakupa namna ambayo hukuifikiria. Websaiti nyingi za kumbukumbu zinakubali ukiweka nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo, Sp*k* inaleta zote kwa mpigo.

Ukishapata namna za kuandika tafuta maana. Majina yao karibu yote yanaingia kwenye mafungu manne, jina la mahali, la kazi, la baba (Johnson ni mwana wa John, hata Kiswahili tungesema bin) na la utani. Kuna kamusi kubwa ya Oxford ya majina ya ukoo ya Uingereza na Ireland ilitoka 2016, ina majina zaidi ya elfu 45, bei yake usiulize ila vipande unavikuta mtandaoni. Lakini usikubali maana ya kwanza unayokutana nayo, na Speke ndo mfano mzuri wa mtego.

Ukiandika Speke kwenye Google inakuja Speke mtaa wa Liverpool, uwanja wa ndege wa pale zamani uliitwa Speke, kina Paul McCartney na George Harrison wa Beatles walikaa huko utotoni, na kuna jumba la mbao la zamani linaitwa Speke Hall. Unasema basi nimemaliza, ukoo umetoka Liverpool. Hapana. Lile jumba lilijengwa na ukoo wa Norris, na jina la mahali pale limeandikwa Spec kwenye kitabu cha ardhi cha mfalme cha 1086, linahusu vichaka na vijiti. Wakati Speke wetu huyu, John Hanning, aliyepita pwani hii na mpelelezi mwenzake Burton 1857 na akaliona ziwa Nyanza, yani Victoria, 1858, ukoo wake ni wa kusini magharibi, Somerset na Devon, mbali kabisa na Liverpool. Jina la wale lilikuwa Espec, la Kifaransa cha zamani la wale Wanormani waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na wataalamu wanalitafsiri ni kigong'ota, yule ndege anayegonga miti. Jina la utani. Sijui babu wa kwanza alikuwa na pua ndefu au alikuwa haachi kugongagonga mambo ya watu.

Na kingine kilichonifurahisha, Devon kuna kijiji kinaitwa Brampford Speke, ungedhani ukoo umechukua jina la kijiji, kumbe kijiji ndo kilichukua jina la ukoo kwasababu walikuwa wanamiliki ardhi pale. Kwahiyo ukikuta mahali na jina vinafanana, jiulize nani alimtangulia mwenzake, angalia mahali hapo paliitwaje kwenye maandishi ya zamani kabisa. Usipofanya hivyo utaletewa na mlima wa Ruwenzori, ghuba ya Ziwa Victoria na hadi nzohe, yule mnyama wa kwenye mabwawa, maana wote wamebandikwa Speke na hawana undugu na mtu.

Tukija kwenye ramani, yani wenye jina wamekaa wapi. Rafiki yako mkubwa ni sensa ya 1881. Sensa zao ni kila miaka 10 toka 1801, zenye majina ya watu wote zimehifadhiwa kuanzia 1841, ila ya 1881 yote imechapwa upya na kutafutika bure kwenye websaiti ya FamilySearch, fungua akaunti tu. Kwanini 1881, kwasababu watu wengi bado walikuwa hawajahama mbali na kwao, jina adimu utaliona limejazana vijiji vichache kama dagaa kwenye wavu. Alafu chuo cha UCL London waliwahi kutengeneza ramani ya majina ya 1881 na ya 1998 ulikuwa unaziweka pembenipembeni, unaona jina lilivyosambaa au lilivyogoma kuhama.

Kosa ambalo kila mtu analifanya hapo ni kuhesabu vichwa. London itashinda kila siku kwasababu ina watu wengi. Gawa kwa idadi ya watu wa eneo. Tuseme jina lako liko kwa watu 60 kwenye jiji la watu milioni 4, na watu 20 kwenye kaunti ya watu laki 2. Jiji ni mtu mmoja kwenye kila elfu 66 na ushee, kaunti ni mmoja kwenye kila elfu 10. Kwao ni kwenye kaunti, wa jijini wameenda kutafuta maisha kama vijana wetu wanavyoenda Kariakoo. Akili hii sio ya kwangu, kuna Mwingereza anaitwa Guppy alifanya hesabu kama hiyo 1890 kwa kutumia majina ya wakulima, akisema mkulima ndo mtu asiyehama, na jina lake mwenyewe ni adimu, la huko Dorset.

Kwa leo hii watu wanaishi wapi kuna websaiti inaitwa Forebears inakupa jina kwa nchi, lakini yale ni makadirio, usiyachapishe ukayatundika ukutani. Majina mengi ya Kiingereza utayakuta Australia, New Zealand, Kanada, Marekani, Afrika Kusini, na Australia wengine walipelekwa kama wafungwa kati ya 1788 na 1868 kwahiyo usishtuke ukimkuta babu kwenye orodha hiyo, mwizi wa kondoo ni babu pia.

Kuunganisha huyo wa kijijini 1881 na cheti chako ndo kazi ngumu. Uingereza na Wales wameandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini toka tarehe 1 Julai 1837. FreeBMD, websaiti yenye faharasa ya kumbukumbu hizo, ni bure, imechapwa na watu wa kujitolea, na kuanzia katikati ya 1911 faharasa ya vizazi inaonyesha na jina la mama kabla hajaolewa, hiyo ni dhahabu. Kabla ya 1837 unaingia vitabu vya parokia, vilivyoanza 1538 enzi za Mfalme Henry wa 8. Na angalia majina ya katikati! John Hanning Speke, hilo Hanning ni ukoo wa mama yake. Waingereza wanapenda kuficha wajomba katikati ya jina. Sensa ya 1931 usiitafute, iliungua 1942, na 1941 hawakuhesabu kwasababu ya vita, ya 1921 ipo toka 2022.

Kwa sisi wa pwani kuna njia ya mkato, orodha za abiria wa meli waliotoka Uingereza 1890 mpaka 1960. Zina jina, umri, kazi, na bandari mtu anayokwenda, na Tanga ilikuwa bandari. Kama babu alikufa vitani tafuta Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, unatafuta kwa jina bure, vita ya Tanga ya Novemba 1914 iliacha wengi na makaburi yapo pale mjini. Vitabu vya ubatizo misheni nenda mwenyewe, ongea kwa heshima, usiende na kamera.

Pesa usitoe mapema. Mimi kuna websaiti ilinila dola 20 ikanitumia nembo ya ukoo yenye simba na upanga, nikamprintia mama kwa rangi, baadae ndo nikajua Uingereza nembo anapewa mtu na kizazi chake, sio kila mwenye jina. Nilimrudishia hela yake. Na usikimbilie kumfanya mtu maarufu kuwa babu yako, John Hanning Speke alikufa 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe na hakuwahi kuoa.

Jina la mama lilitoka mwishoni, karani alikuwa kaongeza herufi moja tu. 1881 limekaa vijiji vitatu vilivyopakana, wafuma nguo na wachunga kondoo, na kwenye orodha ya meli yumo kijana wa miaka 24, kazi karani, anashukia Tanga. Mama aliisoma ile karatasi pale kaunta mara mbili, akauliza hivi kondoo wa huko wana mkia? Nikamwambia wanakatwa. Akaniambia lamineti.