Kuendesha kompyuta ya mezani kwa laptopu, safarini na jukwaani

Kwanza jiulize ni nani anayepaswa kuiona skrini. Remote Desktop ya Windows hufunga skrini ya kompyuta inayoendeshwa, na aliye mbele yake huona ukurasa wa kuingilia tu. Safarini huo ni ulinzi. Jukwaani ni balaa, maana projekta itawaonyesha watazamaji ukurasa huohuo.

Safarini

Kompyuta ya nyumbani iwe na Windows Pro. Toleo la Home haliwezi kuendeshwa kwa Remote Desktop, ingawa laptopu yenye Home inaweza kuendesha nyingine. Fungua Settings, System, Remote Desktop, kisha washa. Akaunti lazima iwe na neno la siri. PIN haifanyi kazi hapa, na akaunti isiyo na neno la siri hukataliwa.

Usifungue poti 3389, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye ruta. Wezi wa mtandaoni huitafuta usiku na mchana ili wabahatishe maneno ya siri. Tena, kama nyumbani unatumia intaneti ya laini ya simu, mara nyingi wateja wengi hugawana anwani moja, hivyo hata ukiifungua hutafika. Weka Tailscale, programu inayounganisha mashine zako kwa mtandao wa faragha, kwenye mashine zote mbili, ingia kwa akaunti ileile, kisha unganisha kwa anwani ya kompyuta inayoanza na 100. Kwenye Tailscale zima pia ukomo wa ufunguo (key expiry) wa kompyuta hiyo: kwa kawaida ni siku 180, na ukiisha ukiwa mbali umefungiwa nje.

Kinachowaangusha wengi ni umeme. Zima Sleep kabisa. Ndani ya BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, tafuta mpangilio wa umeme unaporudi, uweke Power On ili kompyuta ijiwashe yenyewe. Halafu kwenye Tailscale chagua Run unattended. Bila hiyo, kompyuta itawaka lakini haitaonekana mpaka mtu aingie kwa mkono. Jaribu kabla hujafunga begi: izime kompyuta, zima soketi, subiri kidogo, washa soketi, kisha unganisha kwa bando la simu, si kwa Wi-Fi ya nyumbani.

Jukwaani

Wi-Fi ya ukumbi huzidiwa watu wakijaa. Tumia waya wa Cat5e moja kwa moja kati ya mashine mbili, usizidi mita 100. Kompyuta ipe anwani ya IP 192.168.50.1, laptopu 192.168.50.2, mask 255.255.255.0, na gateway (anwani ya kutokea mtandao mwingine) iache tupu. Kwa kuwa hakuna gateway, Windows huuhesabu mtandao huo kuwa Public na huenda ikazuia muunganisho. Hapa badala ya Remote Desktop tumia TightVNC, programu ya VNC ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa na Windows Firewall, iwekee tiki ya Public.

TightVNC huonyesha skrini ileile inayoonekana kwenye projekta. Haisafirishi sauti, na hilo ndilo tunalolitaka: sauti itoke kwenye kompyuta kwenda kwenye spika za ukumbi. Video ikikatakata kwenye laptopu usihangaike, angalia projekta. Neno la siri lake husomwa herufi 8 za mwanzo tu, kwa hiyo usiiache poti yake, 5900, wazi kwenye mtandao wa wageni.

Kinanda cha MIDI, yaani cha muziki kinachopeleka noti kwenye kompyuta, kichomeke kwenye kompyuta yenyewe. Laptopu ibaki kwa kuanzisha, kusimamisha na kubadili nyimbo. Ukipigia noti kupitia VNC zitachelewa, na bendi nzima itapoteza mapigo.