Kujaza Risasi Mwenyewe: Anza na Ganda Tupu

Anayetaka kuanza kujaza risasi, yaani kuunda upya risasi kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, huniuliza baruti gani, mashine gani, kichwa cha uzito gani. Sijapata kuulizwa kuhusu ganda. Risasi nzima ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia baruti kwenye kitako, baruti tumboni na kichwa mbele. Vitatu hutumika mara moja vikaisha. Ganda ndilo linalookotwa, na ganda hubeba habari zote za mapigo yaliyopita. Ukijifunza kulisoma, nusu ya kazi umeimaliza.

Kabla hujanunua chochote, ulizia sheria ya mahali ulipo. Kuna nchi ambako leseni ya bunduki inatosha, kuna zinazodai kibali cha pekee cha kuweka baruti na fataki nyumbani, na kuna zinazokataza kabisa. Pia usije kwa tamaa ya kuokoa pesa. Utakachookoa kwa kila risasi utakipiga chote uwanjani, na zaidi. Faida iko kwingine: bunduki yako ina chakula inachokipenda, na wewe ndiwe utakayekitafuta, ukibadili kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Vifaa vya mwanzo si vingi. Presi ya hatua moja, ile inayofanya tendo moja kila unapovuta mkono, inamtosha anayeanza na wengine hawaiachi maisha yao yote. Kalibu mbili za aina ya risasi yako, moja ya kurudisha umbo la ganda na kusukuma nje fataki iliyolia, nyingine ya kukalisha kichwa. Kishikio cha ganda, mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greni (kipimo kidogo cha uzito wa baruti na vichwa), kalipa ya kupimia urefu, faneli ndogo, kibao chenye matundu cha kusimamishia maganda, miwani ya kukinga macho. Na kitabu cha vipimo kutoka kwa mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, toleo la karibuni. Usichukue vipimo vya baruti kwa mdomo wa mtu yeyote, na mimi nikiwemo. Ndiyo maana hutaviona humu.

Sasa ganda. Lifute, lishike chini ya taa kali, lizungushe polepole. Ufa kwenye shingo, hata mwembamba kama unywele, maana yake ni pipa la taka. Kisha angalia juu kidogo ya kitako. Ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda kama pete, shaba imevutika hapo na imekuwa nyembamba kwa ndani. Pigo moja au mawili mbele, kitako kitakatika na mwili wa ganda utabaki ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa ndani ya bunduki. Pete ya nje wakati mwingine haionekani. Mimi hunyoosha klipu ya karatasi, nikaikunja ncha iwe kindoano kidogo, nikaiingiza ndani na kuikwaruza ukutani kuelekea kitakoni. Ikiteleza, heri. Ikikwama kwenye kifereji, ganda hilo limekwisha kazi. Lipondeponde shingo kwa koleo kabla ya kulitupa, lisije likarudi mezani kwa bahati mbaya. Chungulia pia chini ya tundu la fataki: tundu moja katikati ndilo linalofaa kwa kalibu za kawaida. Ukikuta vitundu viwili pembeni, ganda ni la mfumo wa Berdan, na pini ya kalibu yako itavunjika humo.

Yaliyopona hupakwa mafuta kabla ya kuingizwa kwenye kalibu ya kurudisha umbo, na hapa ndipo nilipoaibika. Usiku wangu wa kwanza nilipaka matano, nikaona kazi inanichelewesha, nikaingiza la sita kavu. Lilipanda nusu likakwama. Nikavuta mkono wa presi kwa nguvu zote, kishikio kikakwangua ukingo wa kitako, na ganda likabaki ndani ya kalibu kama kizibo. Ilinibidi nitoboe kitako, nikate nyuzi za skrubu na kulivuta kwa bolti. Saa nzima kwa ajili ya ganda moja. Basi paka mafuta ya kazi hii, kiasi cha kuhisi utelezi kwenye vidole, mwilini mwa ganda na kidogo ndani ya shingo. Ukizidisha, mafuta hujikusanya begani, pale ganda linapopungua kuelekea shingo, na kuliachia kibonyeo. Na ukihisi mkono wa presi unagoma, simama, rudisha, paka tena.

Kalibu usiifunge mpaka mwisho kwa mazoea. Bega likisukumwa nyuma kupita kiasi, ganda huvutika kila linapolia, na ile pete niliyoitaja inatokea mapema. Kwa bunduki ya bolti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila pigo, bega kurudi nyuma milimita 0.05 kutoka lilipoachwa na chemba yako linatosha kabisa.

Futa mafuta, kisha pima urefu. Shaba hutambaa mbele kwa kila pigo. Kwa .308 Winchester, aina ya risasi ninayoipiga mimi, ganda lisizidi milimita 51.18, nikikata hukata hadi 50.93. Shingo iliyorefuka kupita kiasi hubanwa mbele ya chemba, inang'ang'ania kichwa, na shinikizo linapanda ghafla ingawa baruti uliipima sawasawa. Ukishakata, lainisha ukingo ndani na nje, na ukwangue masizi kwenye tundu la fataki. Masizi hayo yana risasi ile ya metali, sumu. Nawa mikono kabla hujashika kitu cha kula.

Fataki hukalishwa kwa mkono, polepole, mpaka iguse chini. Pitisha kidole kitakoni: iwe chini kidogo ya usawa wa shaba. Ikichomoza, bolti inaweza kuilipua kabla hujafunga vizuri. Fataki moja isiyoingia vizuri usiilazimishe.

Baruti ina amri zake chache. Kopo moja tu mezani, jina lake liandikwe kwenye daftari kabla ya kufunguliwa, na ibaki kwenye kopo lake la asili. Baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho huku moja ikiungua kwa kasi maradufu. Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa kitabuni kwa kichwa hichohicho, kisha panda kidogo kidogo. Greni moja ni gramu 0.065 tu, kwa hiyo mizani ni ya kuogopwa. Nilikuwa na risasi ishirini na mbili zimekamilika siku niliyogundua kwamba feni ya chumbani ilikuwa ikipuliza sahani ya mizani. Namba zilikuwa zikicheza, nami nilikuwa nikichagua ile niliyoipenda. Tangu hapo feni huzimwa, dirisha hufungwa, na jiwe la kuhakikishia mizani huwekwa mwanzoni, katikati na mwisho.

Maganda yote yakishapata baruti, chukua tochi na umulike kibao chote kwa mpigo. Macho hushika haraka tumbo lililojaa kuliko wenzake, au lile tupu. La tupu nalo ni hatari: fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakuta njia imezibwa.

Kichwa chagua kwa kazi. Vichwa vya greni 168 vya mashindano hupiga karatasi vizuri sana, lakini havikutengenezwa kutanuka ndani ya mnyama. Mwindaji atafute kichwa cha uwindaji, hata kama makundi yake kwenye shabaha ni mapana kidogo. Kalisha kwa urefu wa kitabu. Kwa .308 ukomo wa risasi nzima ni milimita 71.12. Za kuwindia zote zipitishe kwenye magazini na chemba ukiwa uwanjani, mtutu umeelekea kwenye tuta, ujue hakuna itakayogoma mbele ya mnyama.

Siku ya kujaribu, piga moja, fungua bolti, okota ganda, soma. Fataki bado ina mviringo ukingoni? Endelea. Imelala bapa kama sarafu, kitako kina alama mpya inayong'aa, au bolti imekuwa nzito kufunguka? Hapo umefika mwisho, hata kama kitabu kinasema bado kuna nafasi. Usipige nyingine kuhakikisha. Andika kipimo, andika hali ya hewa kama kulikuwa na joto kali, zilizobaki zirudi nyumbani.

Za kurudi nyumbani zinahitaji nyundo ya kung'olea vichwa, ile ya plastiki unayoigonga chini mpaka kichwa kitoke na baruti imwagike ndani. Nilipoanza sikuinunua, nilijiona sitaihitaji. Zile ishirini na mbili za feni zilikaa miezi mitatu kwenye kopo lililoandikwa USIPIGE kwa wino mwekundu. Inunue siku ileile unayonunua presi.