Jinsi ya kupanda nyanya za mbegu za asili na kuzilinganisha

Kama unataka kujua nyanya gani ya asili (zile za zamani ambazo ukipanda mbegu zake unapata nyanya ileile) inakufaa usipande aina moja, panda hata tatu siku ileile, udongo uleule, maji yaleyale, la sivyo utasema aina fulani ni mvivu kumbe uliiweka kivulini. Mi ningeanza na Brandywine, Cherokee Purple na San Marzano maana zinatofautiana kabisa, ya kwanza ni kubwa ya pinki, majani yake kama ya viazi, utamu wake acha tu ila inachelewa na haizai sana, ya pili ni zambarau iliyofifia na huku juu karibu na kikonyo inabaki kijani hata ikiiva (watu wanaisubiri iwe nyekundu mpaka inaoza!), San Marzano ndefu, nyama nyingi mbegu kidogo, hiyo ya mchuzi.

Miche ikifika sentimita 15 hamisha, fukia shina karibu mpaka majani ya juu kwa sababu linatoa mizizi lenyewe, acha sentimita 60 hivi kati ya mche na mche. Weka mti wa kuegemea mapema, hizi zinarefuka tu. Maji mwaga chini, na usikaushe halafu ufurikishe, matunda yatapasuka.

Zikiiva kata vipande, onja zote kwa pamoja, andika. Iliyokupendeza kamulia mbegu na utelezi wake kwenye kikombe, acha siku 2 au 3 zichachuke, osha, anika kwenye sahani sio karatasi, kwenye karatasi zinaganda. Na jina andika hapohapo, mbegu zote zinafanana.