Namna ya Kutekeleza Agizo la Kuondoa Diski za Tabaini Zisizo Salama

Tarehe 28 Oktoba 2016, katika uwanja wa O'Hare, Chicago, Boeing 767 ya American Airlines ilikuwa ikikimbia kupaa pale diski ya tabaini ya injini ya kulia, yaani gurudumu zito la chuma linaloshikilia mapanga yanayozungushwa na gesi moto, ilipopasuka. Kipande kimoja kilitoboa bawa na kuangukia ghala lililokuwa umbali wa takriban mita 900, na moto ukawaka. Diski hiyo ilikuwa imefanya takriban safari (kila kupaa na kutua ni safari moja) 11,000 kati ya 15,000 zilizoruhusiwa, na kasoro yake ilijificha ndani ya aloi ya nikeli tangu kiwandani. Kwa hiyo diski inayoonekana nzima machoni haiwezi kusamehewa kwa sura yake; kinachoamua ni namba zake.

Agizo la kuondoa au kukagua diski za namna hiyo linapotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi iliyosanifu injini, mfano FAA ya Marekani, mamlaka ya nchi ilikosajiliwa ndege ndiyo inayosimamia utekelezaji, yaani TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Lisome agizo lenyewe, si muhtasari wake, kisha linganisha namba ya aina na namba ya mfululizo zilizotajwa humo na za kila diski uliyonayo, zikiwamo zilizomo katika injini za akiba na za kukodi, ambazo husahaulika kwa urahisi.

Kazi kubwa imo kwenye kumbukumbu. Diski huhamishwa kutoka injini moja hadi nyingine, kwa hiyo hesabu ya safari zake ianzie siku ilipotoka kiwandani, bila pengo lolote, na izingatie kila aina ya injini ambamo diski iliwahi kufungwa, maana ukomo hubadilika kulingana na nguvu ya injini. Diski yenye pengo katika historia yake isirudishwe kazini kwa kukadiria. Soma pia maneno ya muda kwa makini: “lolote litakalotangulia” na “lolote litakalochelewa” huweza kutofautisha tarehe za mwisho kwa miezi mingi.

Kwa kawaida diski ya tabaini ya shinikizo la juu haitolewi injini ikiwa bawani. Injini hushushwa na kupelekwa karakana yenye idhini, ikafunguliwa kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Diski ikishatoka, isafishwe na namba iliyochongwa juu yake isomwe na mafundi wawili, kila mmoja peke yake, kabla ya kulinganishwa na karatasi. Zikipishana, kazi isimame.

Diski iliyokataliwa ifungwe lebo, itengwe chini ya kufuli, kisha ikatwe kiasi kwamba haiwezi kuungwa wala kupigwa rangi na kuuzwa tena. Mwishoni andika katika kumbukumbu za injini namba ya agizo, tarehe, namba za diski iliyotoka na iliyoingia, safari za kila moja, na sahihi ya mhandisi mwenye leseni. Agizo likidai ukaguzi wa kurudiarudia, andika papo hapo pia idadi ya safari ambayo, kabla diski haijaifikia, ukaguzi unaofuata lazima uwe umefanyika.