Koliflawa ya oveni yenye ukoko, ninavyoipika hapa Mbeya

Oda yangu ya kwanza ya koliflawa ilikuwa sendofu ya watu arobaini, Forest Mpya, mwezi wa saba, baridi ya kuuma vidole. Mama wa bibi harusi ana sukari, na alinieleza bila kuzunguka: "Mwanangu, chipsi za wageni zitakuwepo, hilo sina neno. Lakini mimi na wenzangu wa meza ile tutafutie kitu cha kutafuna." Nikanunua vichwa kumi, nikaosha, nikakata, na kwa kuwa muda ulishanitupa mkono nikarundika vyote kwenye trei mbili. Nilipofungua oveni mvuke ulinipiga usoni hadi miwani ikaingia ukungu. Ndani mlikuwa na kitu kama kabichi ya kuchemsha iliyopakwa manjano. Kililiwa. Hakuna aliyesema neno, maana mgeni wa Mbeya halalamikii chakula mpaka afike kwake.

Kosa lilikuwa maji, na tangu siku hiyo kila ninayemfundisha namwanzishia hapo. Katika gramu 100 za koliflawa mbichi, maji ni kama gramu 92. Ukoko unaanza kujengeka uso wa mboga ukivuka nyuzi joto 140 hivi, na haufiki huko ukiwa umelowa, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi tena joto mpaka yakauke. Hapa kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Oveni yako inaweza kusoma 220, lakini kishada chenye maji juu yake kinajipikia kwenye 94 kama kiko kwenye sufuria.

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu wanne, kama mboga ya pembeni:

- koliflawa moja ya wastani, ikichambuliwa ibaki nusu kilo hadi gramu 600
- mafuta vijiko 3 vya chakula
- unga wa mchele vijiko 2 vya chakula
- chumvi kijiko kimoja cha chai, kisijae
- manjano nusu kijiko cha chai, binzari nyembamba nusu, pilipili manga nusu
- kitunguu saumu punje 3
- ndimu moja

Hatua ya 1: Sokoni

Ishike mkononi. Koliflawa nzuri ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukiibonyeza kwa dole gumba haibonyei. Majani ya pembeni yawe mabichi, yanayokatika yakikunjwa. Rangi ya njano kidogo si ugonjwa, ni jua tu: mkulima hakuifunika kwa majani yake ilipokuwa shambani. Madoa meusi yenye unyevu ndiyo ya kuacha, kwa sababu huo ni uozo na unashuka ndani kuliko unavyouona. Vishada vikiwa vimeanza kuachana kama mchele uliomwagika, imekomaa kupita kiasi. Italiwa, ila haitashika ukoko vizuri.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, vichwa vinafika sokoni vimelowa na wauzaji wenyewe wanavinyunyizia maji vionekane vibichi. Mama ninayenunua kwake Uyole ananijua. Nikifika ananiwekea kando zile ambazo hajazimwagia. "Dada, hizi za Umalila, za leo asubuhi, sijazigusa na maji yako unayoyachukia." Ndaga fijo, mama, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Hatua ya 2: Kukata kabla ya kuosha

Ondoa majani, lakini usiyatupe, nitayarudia. Geuza kichwa juu chini, zungusha kisu kuzunguka bua, na vishada vitaachia vyenyewe. Ukikata kutokea juu utapata punje nyeupe ubao mzima, na zile punje ndizo zinazoungua kwanza.

Sasa chukua kila kishada kikubwa ukipasue katikati, kuanzia kikonyo kwenda juu. Unachotafuta ni uso bapa. Kishada cha mviringo kinagusa trei kwa nukta moja, na ukoko unapata kwenye nukta hiyo tu. Kilichopasuliwa kinalala chini chote. Vipande vilingane, ukubwa wa nusu ya yai la kuku hivi. Bua nalo limenye ganda gumu, ulikate vipande vya unene wa kidole kidogo. Ni tamu, na anayelitupa anatupa robo ya hela yake.

Hatua ya 3: Kuosha, na kukausha kwa subira

Loweka vishada kwenye beseni la maji baridi lenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, dakika 10. Vidukari na viwavi vinajificha ndani kabisa ya vikonyo, na chumvi inavitoa. Utaviona vinaelea, usishtuke. Suuza mara mbili.

Kwenye kukausha ndipo wengi wanaponikimbia. Kung'uta kwenye chujio, kisha tandaza kitambaa safi cha jikoni mezani, panga vishada upande uliokatwa ukiangalia chini, na uviache saa nzima. Siku za kipupwe hewa yetu ni kavu na saa moja inatosha. Siku za mvua, hasa ukiwa upande wa Tukuyu ambako hata nguo haikauki, washa oveni nyuzi 100, tandaza vishada kwenye trei, acha mlango wazi kidogo, dakika 8 hadi 10. Visiive, vikauke tu. Vipimie kwa kiganja: ukipitisha mkono juu yake usiache alama yoyote ya unyevu. Mimi huosha asubuhi kama ninapika jioni, nikaviweka kwenye friji ndani ya bakuli lisilofunikwa. Friji inakausha kuliko kitambaa chochote.

Usivichemshe kwanza. Najua kuna wanaofundisha kuchemsha dakika tano "ili ziive ndani". Utakuwa umeyarudisha maji yale yale uliyoyafukuza, na sehemu ya vitamini C itaondoka na maji unayomwaga. Harufu ile nzito inayowakimbiza watoto jikoni nayo inazidi koliflawa ikichemshwa muda mrefu. Ni ndugu wa damu wa kabichi, sukuma wiki na brokoli, na ukoo wote una salfa.

Hatua ya 4: Washa oveni sasa, trei ikiwa ndani

Nyuzi 220. Kama oveni yako ina feni, 200. Trei iingie tupu tangu mwanzo ili ipate moto pamoja na oveni, dakika 20.

Oveni nyingi ndogo za mezani zinadanganya. Kama huna kipimajoto, weka kijiko kimoja cha sukari kwenye kipande cha foili, uiweke ndani, uelekeze kitasa kwenye 190. Sukari inayeyuka karibu na nyuzi 186, kwa hiyo ndani ya dakika 15 iwe imekuwa maji. Ikibaki chenga, oveni yako iko chini ya inavyosema. Yangu inadanganya kwa nyuzi 20 nzima, kwa hiyo nikitaka 220 natega 240.

Hatua ya 5: Mafuta, kisha unga

Weka vishada kwenye bakuli pana, mimina mafuta, geuza kwa mikono mpaka kila kipande king'ae. Changanya unga wa mchele na chumvi na viungo vyote vikavu kwenye kikombe, nyunyiza juu, geuza tena. Usiache unga mweupe mkavu popote. Ukiuona, ongeza mafuta kijiko cha chai. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye mboga, kwa hiyo ukishaiweka huna muda wa kwenda kupokea simu. Moja kwa moja kwenye oveni.

Kwa nini unga wa mchele? Ule ule unaosagia vitumbua unakauka na kulia mdomoni kuliko ngano, ambayo inakuwa ngozi ngozi. Mimi nasagisha mchele wa Kyela uliokatikakatika, bei yake ni ya chini. Vijiko viwili kwa watu wanne haviongezi wanga mwingi, lakini ukimpikia mwenye sukari anayehesabu kila kitu, acha kabisa. Ukoko utapungua kidogo, hautakosekana. Koliflawa yenyewe ina wanga gramu 5 hivi tu kwa kila gramu 100.

Kuhusu mafuta nina maoni makali. Alizeti ya dumu, ile ya kukamuliwa mashine ndogo, yenye rangi nzito na harufu yake, ni nzuri sana kwenye maharage. Lakini haijasafishwa, na mafuta yasiyosafishwa yanatoa moshi mapema. Kwenye trei ya nyuzi 220 yatakujazia jiko moshi na kuacha uchungu. Kama ndiyo uliyonayo, shusha oveni hadi 200, usipashe trei kwanza, na ongeza dakika 8. Alizeti iliyosafishwa haina shida. Mafuta ya parachichi yaliyosafishwa yanavumilia moto kuliko yote hayo, ila ni ghali, na inakera ukikumbuka parachichi zenyewe zinatoka Rungwe na Njombe hapo.

Hatua ya 6: Kuoka

Toa trei ya moto kwa uangalifu, mwagia vishada, vipange haraka upande bapa chini. Vikigusa trei vilie chwaa. Visipolia, trei haijapata moto, irudishe ndani.

Acha nafasi ya kidole kati ya kishada na kishada. Vikibanana, mvuke wa kimoja unampikia jirani, na hiyo ndiyo sendofu yangu ya Forest. Kichwa kimoja kinajaza trei moja ya kawaida ya oveni. Ukiwa na vichwa viwili, tumia trei mbili, au oka kwa awamu.

Rafu ya chini, dakika 15, usifungue. Kisha vuta trei, inua kishada kimoja kwa uma na ukitazame chini. Rangi unayotaka ni ya ukoko wa wali uliokaa vizuri, kahawia yenye kung'aa, kingo zimeanza kuiva zaidi. Kikikataa kubanduka, usikikwangue. Rudisha dakika 3, kikishashika ukoko kitajiachia chenyewe. Geuza vyote, sogeza trei rafu ya katikati, dakika 10 nyingine.

Kitunguu saumu hakiingii mwanzoni. Kilichopondwa kinaungua ndani ya dakika chache na kuleta uchungu. Kipondeponde, kichanganye na kijiko cha chai cha mafuta, kinyunyize zikiwa zimebaki dakika 4. Wakati huohuo tupia yale majani uliyoyaweka kando, yakiwa yamekauka na kupakwa mafuta kidogo. Yanageuka kama kaukau za kijani, na nyumbani kwangu hayafiki mezani.

Umeme ukikatika, au huna oveni

Tumia mtindo wa keki ya mkaa. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu ndani unene wa vidole viwili, mfuniko juu, pasha kwa makaa ya chini na ya juu dakika 20. Ndani weka sahani ya bati yenye vishada vilivyopakwa mafuta. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini yabaki machache. Kila dakika sita funua uachie mvuke utoke, kwa sababu sufuria haina pa kupumulia kama oveni. Futa na maji yaliyoganda upande wa ndani wa mfuniko kabla ya kurudisha, la sivyo yatadondokea mboga. Nusu saa hadi dakika 35. Utapata vishada vichache kwa wakati, labda vya watu wawili, lakini kile kiharufu cha mkaa oveni haikipi.

Mezani

Kamulia ndimu wakati wa kula, si kabla. Ndimu ni maji nayo. Pasha sahani kwanza, jioni za Juni na Julai sahani baridi inaua ukoko kabla hujakaa, na usifunike kwa bakuli wala foili. Mimi huila na samaki wa kuchoma na kachumbari, au pembeni ya wali maharage. Mume wangu anaila na ugali, na nimeacha kubishana naye.

Ikibaki, iache ipoe kabisa ndipo uiweke kwenye friji. Kesho yake kikaangio kikavu, moto wa wastani, dakika nne, upande bapa chini. Maikrowevu itakurudishia kabichi ya manjano.